Mawifi Wawili na Mshahara Mmoja

3 Machi

Wifi yangu,

Naandika barua kwa sababu mara ya mwisho uliikata simu yangu kabla sijamaliza kukutukana, na barua huwezi kuikata katikati. Habari za huko? Habari za friji? Picha yake nimeiona, watu wamenionyesha. Nasikia ina milango miwili, mmoja wa maji ya baridi na mwingine sijui wa nini, labda wa kuwekea mshahara wa kaka yangu.

Kwanza hongera. Kidoti kaniambia Profesa wako amepata nafasi chuo kile kile alichopata yeye. Watoto wa ndugu kwenda chuo kimoja ni baraka, hata kama mmoja wao mama yake ni wewe. Kidoti amechukuliwa masomo ya ukunga, na tangu barua ya nafasi ifike anatembea nayo kwenye mkoba kama kitambulisho. Lakini bila ruzuku ya masomo haendi popote. Mimi na sare zangu za shule ninazoshona hapa kibarazani, ada ya chuo siiwezi hata nikishona mpaka vidole viishe.

Sasa nakuandikia usije ukasema nimekuzunguka. Fomu ya ruzuku inauliza kipato cha wazazi, na kama mzazi amefariki, kipato cha mlezi. Siku tulipomzika Baba Kidoti, kaka alisimama mbele ya watu wote akasema, "Huyu mtoto ni wangu, nitamsomesha mimi." Ulikuwepo, na jinsi ulivyokunja uso siku ile sijasahau. Basi kwenye mlezi nimemwandika kaka. Kazi: mkuu wa karakana, kiwanda cha sabuni. Mshahara: ule alioutaja mwenyewe alipopandishwa cheo. Na palipoulizwa mlezi anatoa nini, nimeandika kwamba hatoi kitu, kwa kuwa kila anachopata kinamezwa nyumbani kwa mkewe.

Sikuongeza chumvi. Fomu yenyewe inasema atakayedanganya atachukuliwa hatua.

Mimi wifi yako,
Mama Kidoti


14 Machi

Mama Kidoti, wifi yangu wa pekee (namshukuru Mungu sikupewa wawili),

Barua yako nimeisoma hapa zahanati nikiwa mapokezi, nikacheka peke yangu mpaka mgonjwa mmoja akaniuliza kama na mimi nasubiri daktari. Eti kinamezwa kwangu! Friji nimekopa dukani, nalipa kidogo kidogo kwa mshahara wangu mwenyewe, na mwenye duka nikimwona kwa mbali nabadilisha njia. Hilo waliokuonyesha picha hawakukwambia.

Na wewe je, hayo mabati mapya yameota? Hiyo cherehani ya umeme ilidondoka kutoka mbinguni? Kila mume wangu akija, nikimwomba ya matumizi, wimbo ni mmoja: "Nimempelekea dada, ni mjane, mvumilie." Nimevumilia mpaka uvumilivu wenyewe umeota mvi. Nilipojifungua Profesa, baba yake alikuja siku ya tatu, kwa sababu wewe ulikuwa unaumwa jino. Jino, wifi! Niliolewa naye mimi, lakini ukipiga chafya wewe mimi ndiye ninayekosa mboga.

Basi na mimi nimejaza fomu ya mwanangu. Baba: mkuu wa karakana, mshahara mnono. Anachotoa nyumbani: hakuna, kwa kuwa kila kitu kinakwenda kwa dada yake. Unasemaje sasa? Mkuki kwa nguruwe tu, siyo?

Wako,
Mama Profesa


2 Mei

Mama Profesa,

Sikusalimii. Umemharibia mwanangu.

Ofisi ya ruzuku imejibu. Kidoti kanyimwa. Wanasema mlezi wa mwombaji ana kipato cha kutosha kumsomesha bila msaada. Mtoto kaisoma, kaikunja, kaniuliza kama kuna sketi za kupinda. Nikamwambia zipo. Akakaa akapinda sketi za shule nzima bila kuniangalia usoni. Bora angelia, ningejua la kumwambia.

Nataka kujua uliandika nini huko kwenu. Ulimpa cheo gani? Ulimfanya mwenye kiwanda? Maana mimi nilimwandika alivyo, na wewe kwa kupenda kwako kuitwa mke wa bosi lazima ulipandisha. Tamaa yako ya sifa ndiyo inayomkalisha Kidoti nyumbani, na sitakusamehe mpaka naingia kaburini.

Mama Kidoti


9 Mei

Wifi,

Punguza moto, mwenzio naungua pia. Profesa kanyimwa. Maneno yale yale, nukta kwa nukta: baba ana kipato cha kutosha. Anasema atakwenda kubeba magunia sokoni. Ana kifua cha kubeba gunia yule? Akibeba kamusi tu anahema.

Nimekwenda mwenyewe ofisini kwao. Karani, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, alitoa fomu zote mbili akazilaza mezani. Mwanamume mmoja, mshahara mmoja, na kila nyumba inaapa kwamba fedha ziko nyumba ya pili. Akaniuliza, "Mama, hizi fedha zinalala wapi?" Nikamwambia amuulize wifi yangu. Hakucheka.

Rufaa ipo, mwisho wake ni mwisho wa Juni. Wanataka karatasi ya mshahara, na wanataka maelezo ya pamoja: mke na dada, kila mmoja aseme kwa kweli anapata nini, na sisi wawili na yeye tusaini. Saini moja ikikosekana, rufaa imekufa na watoto wote wawili wamekosa chuo. Amesisitiza hilo mara mbili, akaniangalia juu ya miwani.

Mume wangu nimemwomba karatasi ya mshahara. Anasema mashine ya kuchapia imeharibika. Wewe unakaa karibu na kiwanda, na wewe ndiye anayekusikiliza, mimi nani. Nenda wewe ukaichukue. Ila ukifika usikae sana.

Mama Profesa


17 Mei

Dada yangu,

Nakuandikia juu ya juzi. Ulikuja getini, ukaniona na magwanda ya ulinzi na kofia imenifunika macho, ukaniambia, "Baba, namtafuta mkuu wa karakana." Dada, uliniita baba! Mpaka nilipokuita kwa jina lako la utotoni ndipo ukanitambua. Nilitaka kukueleza palepale lakini lori likapiga honi, nikaenda kufungua, na niliporudi ulikuwa umeshageuka unaondoka.

Basi ni hivi. Walileta mitambo mipya, na mafundi wake wakaja nayo. Wenzangu wa karakana wakarudishwa makwao. Mimi nikaambiwa nikitaka, geti lipo. Nikalitaka. Nyumba mbili zinanitegemea, ningekataa nile nini?

Mshahara wa geti naugawa mara tatu. Theluthi ya mke wangu, theluthi yako, theluthi nalipia chumba na kula. Kila mmoja wenu nikimpa, akiona kidogo, namwambia kingine kimekwenda kwa mwenzake. Nisamehe. Niliona kwamba mkigombana ninyi kwa ninyi, hakuna atakayekumbuka kuniuliza mimi. Na kweli hamkuniuliza.

Karatasi ya mshahara nimeitia humu. Lakini nakuomba kwa jina la mama yetu, mke wangu asijue. Yeye aliolewa na mkuu wa karakana. Tafuta namna nyingine ya kuandika hayo maelezo, wewe una akili.

Kaka yako


20 Mei

Mpenzi wifi yangu,

Ni matumaini yangu barua hii inakukuta salama, wewe na Profesa wetu. Nilifika kiwandani kama ulivyonituma. Kaka mzima kabisa, amenawiri, anakusalimu sana. Kazi tu ni nyingi. Karatasi ya mshahara itapatikana, usijisumbue kumuuliza tena, niachie mimi.

Pole na kazi ya zahanati. Najua wagonjwa wanachosha. Kidoti anamsalimu mkaza mjomba wake, na anamwambia Profesa asiende sokoni, mambo yatakaa sawa. Jitunze, wifi yangu.

Akupendaye,
Mama Kidoti


28 Mei

Mama Kidoti,

Umeona. Usibishe. Tangu niolewe na kaka yako hujawahi kuniandikia barua isiyo na mwiba, leo naitwa mpenzi na napewa pole ya kazi? Wifi hamwonei wifi mwenzake huruma bure. Umefika getini, umemkuta.

Mimi najua tangu mwaka jana. Alikuja likizo, nikafungua begi lake nifue, chini kabisa nikakuta shati la ulinzi limeviringishwa kwenye gazeti. Nikalifua, nikalipiga pasi, nikalirudisha kwenye gazeti lile lile. Hakusema neno, na mimi sikusema. Nilitaka aniambie mwenyewe. Mpaka leo nasubiri.

Utaniuliza kwa nini basi kwenye fomu niliandika mkuu wa karakana. Kwa ajili yako! Profesa na Kidoti wanaonyeshana kila kitu, ungejua siku hiyo hiyo. Ungeita majirani. Ungesema, "Tazameni, mwanamke amemla kaka yangu mpaka amemfikisha getini." Nikaona heri mwanangu akose ruzuku kuliko wewe kunicheka. Mama gani anawaza hivyo? Lakini ndivyo nilivyowaza, na kalamu nilishika mimi.

Na bado hilo si linaloniuma zaidi. Kinachoniuma ni kwamba yeye amekwambia wewe. Ndiyo, najua amekwambia, vinginevyo usingekuwa na utulivu huo. Mimi nalala naye kitanda kimoja, nimeipiga pasi siri yake kwa mkono wangu, hakunifungulia mdomo. Wewe umesimama getini kidogo tu, umepata yote. Wivu wa fedha niliuzoea, wifi. Huu sijauzoea, hata chai siinywi.

Mama Profesa


3 Juni

Mama Profesa,

Kunywa chai yako. Hakuniambia, nilimfumania. Ndipo akaniandikia, na nusu ya barua yenyewe ni kunisihi wewe usijue. Anayeogopa kumpoteza ni wewe. Mimi haniogopi kwa sababu dada hapotei, na usidhani ni raha kuwa mtu asiyeogopwa.

Lakini na mimi nikwambie. Nilipoipata siri ile nilifurahi. Ndiyo, kaka yangu yuko getini kwenye mvua na mimi nimefurahi! Tangu akuoe, kila habari yake naisikia kutoka kwako: kapandishwa cheo, kaugua, kanunua viatu. Kwa mara ya kwanza nikawa na kitu chake ambacho wewe huna. Nilitembea nacho mtaani kama mtu aliyevaa gauni jipya. Ile barua yangu tamu niliiandika nikiwa nimeshiba furaha hiyo. Kisha inakuja barua yako, kumbe unajua tangu mwaka jana. Hata hapo umenitangulia! Nilitaka kuichana.

Basi, mficha uchi hazai, na sisi tumeshazaa, watoto wanatungoja. Upande wangu wa maelezo nimeshaandika: mlezi ni mlinzi wa geti, ananipa theluthi ya mshahara wake kila mwezi. Niliposema hanipi kitu nilidanganya. Nilikiona si kitu kwa sababu niliamini chungu kizima kiko kwako. Mabati ni ya marehemu mume wangu, aliyaacha uani akiwa bado hajayaezeka, na cherehani nimeikodi. Karatasi ya mshahara na fomu ya maelezo nimezitia humu; fomu kaka aliisaini ikiwa tupu, mstari wa kazi ameuacha wazi. Jaza upande wako. Wewe anakupa ngapi?

Mama Kidoti


9 Juni

Theluthi!

Theluthi, Mama Kidoti! Sawa na wewe! Nimetoa pesa zote alizonipa mwezi huu nikazipanga kitandani, nikalinganisha na ulichoandika wewe, hata shilingi moja haikuzidi. Mimi mkewe, niliyemzalia, ninayemfulia, nipewe sawasawa na dada? Nilipoamini unapewa zaidi, angalau nilikuwa na la kulalamikia. Nilikuwa naamka nalo. Sasa nimlalamikie nani? Yaani hata kuonewa sikuonewa!

Na usijifanye mtulivu, najua na wewe umenuna. Wewe uliyembeba mgongoni, uliyemtafunia chakula, ulitaka nawe uzidi. Pole sana, hatukuzidiana.

Upande wangu nimeandika, wote, bila kuficha. Ila sijasaini. Karatasi inasema mume wangu ni mlinzi, na mume wangu hajaniambia kwamba ni mlinzi. Nikisaini leo, mimi ndiye nitakayekuwa nimemvua nguo mbele ya karani, naye akija likizo ataendelea kuviringisha shati kwenye gazeti, na mimi nitaendelea kupiga pasi, mpaka tuzeeke. Siwezi. Aje aniambie, au aandike. Najua siku zinakwisha. Najua Profesa na Kidoti wote wamo kwenye saini yangu hii moja, kila asubuhi Profesa ananiuliza na namjibu bado. Usinikumbushe.

Mama Profesa


13 Juni

Kaka,

Mkeo anajua. Amejua kabla yangu. Lile shati ulilolificha kwenye gazeti alilifua na kulipiga pasi yeye, au ulidhani limejinyoosha lenyewe begini? Mwanaume mzima!

Rufaa ya watoto imesimama kwa sababu yako. Mkeo hasaini mpaka umwambie kwa mdomo wako, na safari hii naona ana haki, andika tarehe uikumbuke. Usinitume mimi nimwambie kwa niaba yako. Usiniambie nina akili. Umetugombanisha ili upate pa kujificha, na tuligombana vizuri kweli, tukakufichia mpaka watoto wetu wakakosa chuo. Nilikubeba mgongoni ulipokuwa mdogo. Sasa nimechoka, shuka utembee.

Chukua kalamu leo, siyo kesho.

Dada yako


18 Juni

Mke wangu,

Mimi si mkuu wa karakana. Ni mlinzi wa geti, huu mwaka wa pili. Nafungulia malori na kuandika wageni. Kazi si mbaya, ila mvua, na kuitwa "wewe wa getini" na vijana niliowafundisha kushika spana.

Nilikuwa nakwambia fedha ziko kwa dada. Hazikuwa kwa dada. Hazikuwepo. Nilijua neno dada likitajwa utakasirika, na ukikasirika huulizi tena.

Niliona aibu. Wewe uliwaambia watu wote wa zahanati kwamba mumeo ni mkuu wa karakana, nikakusikia siku ile nikiwa mlangoni, jinsi ulivyolitamka. Sikutaka uikose raha ya kulitamka. Sasa nakwambia. Saini, mke wangu, na pale kwenye kazi uandike kazi niliyo nayo.

Mumeo,
mlinzi wa geti


25 Julai

Wifi yangu,

Najua jibu lenu limeshafika kama lilivyofika letu. Rufaa imekubaliwa. Profesa anakwenda chuo. Alipoisoma alipiga kelele akagonga kichwa kwenye kabati, sasa ana nundu na anaionyesha kwa wageni. Hongera na wewe. Mwambie Kidoti nimefurahi, na ni furaha ya kweli, ingawa haikuanza hivyo.

Nikueleze ilivyoanza. Profesa kapewa ada tu, malazi hakupewa. Jioni hiyo Kidoti kampigia kwamba yeye kapewa vyote, ada na malazi na ya vitabu. Wifi, nilipanda kama maziwa jikoni. Theluthi kwa theluthi, saini kwa saini, halafu wako azidi! Asubuhi nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kwa yule karani wa miwani. Nikamwambia tumeapa kusema kweli, na nyumba hizi mbili zinapata sawasawa, kwa nini mtoto wa wifi apewe yote na wangu apunjwe? Akafungua fomu ya Kidoti, akaweka kidole. "Mama, huyu ni yatima. Wa kwako ana baba."

Nami nikaona wivu. Nakwambia wewe kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumwambia. Nilisimama pale dirishani nikamwonea wivu yatima. Nilimwonea wivu Kidoti, aliyeng'ang'ania sketi yangu siku tunamzika baba yake, kwa sababu yeye kafiwa, ilhali wangu hajafiwa. Wazo hilo lilinipita moyoni kabisa, nikalisikia. Mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza.

Nikatoka nje nikampigia mume wangu. Nilitaka kumsikia tu. Akasema, "Nikupigie baadaye, kuna lori getini." Nikamwambia asikate, alifungulie tu, nitangoja. Nikamsikia anaweka simu chini, analiburuta geti, anamuuliza dereva habari za njiani.

Mama Profesa